Kitenzi "Likiza": Maana yake na Matumizi yake Darasani

Hapana neno linalotamkwa kwa furaha zaidi katika shule zetu kuliko neno likizo. Mtoto wa darasa la kwanza hulijua kabla hajaweza kuliandika, na mwanachuo wa ualimu hulihesabia siku. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwa wanachuo wetu wawezao kukitaja kitenzi kilicholizaa jina hilo, na wachache zaidi wajuao kwamba kitenzi hicho kina maana nyingine inayohusu malezi ya mtoto mchanga. Kitenzi chenyewe ni likiza. Kamusi zetu hukieleza kwa maana mbili: kumpa mtu ruhusa ya kupumzika kazini au masomoni, na kumwachisha mtoto kunyonya.

Katika makala haya tunakusudia kukieleza kitenzi hiki pamoja na mwenzake, achisha, kisha tuonyeshe namna mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kuvifundisha. Hatukukichagua kwa sababu ya uzuri wake. Tumekichagua kwa sababu ni miongoni mwa vitenzi ambavyo, vikifundishwa kwa uzembe, huweza kumdhuru mtoto ambaye hata mlango wa shule hajauona. Jinsi jambo hilo liwezavyo kutokea tutalieleza baadaye.

Maana ya asili na undugu wa maneno

Mwanachuo atauliza: kuna uhusiano gani kati ya mwalimu anayefunga shule na mama anayemwondoa mtoto kifuani? Uhusiano upo, na si mgumu kuuona. Katika hali zote mbili yupo mtu aliyefungwa na jambo, naye anafunguliwa. Mwanafunzi amefungwa na ratiba, mfanyakazi amefungwa na kazi, na mtoto mchanga amefungwa na ziwa la mama yake, hawezi kwenda mbali nalo. Kumlikiza ni kumpa ruhusa ya kuondoka. Kwa hiyo neno lina ndani yake wazo la idhini na la kuachiliwa, wala halina wazo la kunyang'anywa.

Hapo ndipo likiza linapotofautiana na achisha. Kitenzi achisha ni kauli ya kutendesha ya acha, na maana yake ni kumfanya mtu aache jambo, apende asipende. Ukitaka kuipima tofauti hiyo, tazama maneno ya kazini. Mfanyakazi aliyepewa likizo hufunga virago vyake akiimba. Aliyeachishwa kazi hufunga virago hivyo hivyo akilia. Hatusemi kwamba Waswahili huvitenga vitenzi hivi viwili kila wanapozungumza habari za mtoto. Hawavitengi, kamusi zenyewe hueleza kimoja kwa kingine, na mahali pengi achisha ndicho kinachosikika zaidi. Tunasema tu kwamba kila kimoja huja na harufu ya nyumbani kwake, na mwalimu aijuaye harufu hiyo hufundisha vizuri zaidi.

Yafaa hapa kuwaonya wanachuo juu ya jambo moja. Likiza husikika karibu na lika, lisha na lishe, yaani maneno yatokanayo na la. Mwalimu asikimbilie kuwaambia watoto kwamba maneno hayo ni ndugu. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu, na darasa likishajazwa nasaba za kubuni, kuziondoa ni kazi kubwa.

Kuna kichekesho kizuri ndani ya neno likizo ambacho watoto wakubwa hukifurahia. Mama aliyeajiriwa akijifungua hupewa likizo ya uzazi. Kwa sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, likizo hiyo ni siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Tena akirudi kazini anayo haki ya kupewa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Basi mama hupewa likizo ili aanze kunyonyesha, naye mtoto hulikizwa anapomaliza kunyonya. Shina ni moja, lakini mmoja anafungua mlango na mwingine anaufunga.

Sarufi ya vitenzi hivi viwili

Makosa mengi tuyaonayo katika madaftari hutokana na kutojua kila kitenzi kinadai nini baada yake. Tuangalie sentensi hizi:

Mama amemlikiza mtoto.
Mtoto amelikizwa.
Mama amemwachisha mtoto ziwa.
Mtoto ameachishwa ziwa.

Likiza hutosheka na mtendwa mmoja. Ukisema "mama amemlikiza mtoto", msikilizaji hana la kuuliza. Achisha hakitosheki. Ukisema "mama amemwachisha mtoto" ukanyamaza, msikilizaji atauliza: amemwachisha nini? Shule? Wizi? Uvivu? Lazima uongeze ziwa, au kunyonya, au maziwa. Mwanafunzi aandikaye "Asha ameachishwa" bila kuongeza neno atadhaniwa anasema habari za mtu aliyefukuzwa kazi.

Jambo la pili ni kiambishi cha mtendwa. Kwa kuwa mtoto ni mtu, Kiswahili chataka tuseme amemlikiza, amemwachisha, si "amelikiza mtoto" wala "ameachisha mtoto". Watoto ambao lugha zao za nyumbani hazidai kiambishi hicho hukiacha mara kwa mara. Wasikemewe, wapewe mazoezi.

Jambo la tatu ndilo la hatari zaidi, nalo ni silabi moja tu. Mtoto aliyeachishwa na mtoto aliyeachwa ni watoto wawili tofauti kabisa. Wa kwanza yuko nyumbani, anakunywa uji; wa pili ametupwa. Vivyo hivyo mama aliyemwachisha mtoto ziwa siye mama aliyeachwa, wala siye aliyeachika, kwa maana maneno hayo mawili ni ya talaka. Mwalimu anayeandika vitenzi hivi ubaoni akumbuke kwamba miongoni mwa watoto arobaini au hamsini walioketi mbele yake huenda wamo ambao mama zao wameachwa kweli. Mfano wa sarufi usiwe kidonda cha mtu.

Habari za ziwa na kunyonya

Ziwa lina kazi nyingi katika lugha yetu. Ni kiungo cha mama. Wingi wake, maziwa, ndiyo pia yale meupe tunayokunywa. Na ni maji makubwa yaliyozungukwa na nchi kavu. Mwalimu aliye Mwanza au Kisumu asishangae akiona darasa linacheka anaposema "kumwachisha mtoto ziwa", kwa kuwa pale ufukweni mtoto wa mvuvi aweza kulielewa kuwa ni kumkataza asiende majini. Dawa ni kusema "kumwachisha kunyonya". Waswahili husema pia kwamba watu fulani "wamenyonya ziwa moja", yaani ni ndugu wa mama mmoja. Usemi huu waweza kutumiwa darasani bila haya yoyote, nao huwasaidia watoto kulizoea neno lenyewe kuwa neno la heshima.

Kuhusu nyonya, historia imeliongezea mzigo. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, maneno unyonyaji na mnyonyaji yalisikika katika mikutano, redioni na vitabuni yakiwa na maana ya kula jasho la mwenzio. Matokeo yake ni kwamba leo hatuwezi kumwita mtoto mchanga mnyonyaji bila kumtukana. Tuseme "mtoto anyonyaye" au "anayenyonya". Kwa upande mwingine, kunyonyesha na unyonyeshaji yamebaki safi. Huu ni mfano mwema wa kuwaonyesha wanafunzi wa madarasa ya juu jinsi jina moja liwezavyo kuchafuka na kitenzi chake kikasalimika.

Shabaha ya somo: tendo linaloanza na tendo lililokwisha

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Likiza ni jina la safari na ni jina la mwisho wa safari. Mama aweza kusema "ninamlikiza mwanangu" kwa miezi kadhaa, huku mtoto akila uji mchana na kunyonya usiku. Aweza pia kusema "nimemlikiza", maana yake mtoto hanyonyi tena. Nyakati za kitenzi ndizo zinazotenganisha maana hizo: -na- ya tendo linaloendelea, na -me- ya tendo lililotimia. Lakini kitenzi kikitumiwa kwa amri, tofauti hiyo hupotea. Chukua sentensi hii: "Mlikize mtoto akiwa na miezi sita." Msemaji alikusudia kusema kwamba mtoto aanze kuonjeshwa vyakula vingine akiwa na miezi sita. Msikilizaji amesikia kwamba mtoto akomeshwe kunyonya akiwa na miezi sita. Hakuna aliyesema uongo, ila mtoto amenyimwa maziwa ya mama mwaka mmoja na nusu kabla ya wakati.

Tunajua kwamba watoto wa shule ni wajumbe. Msichana wa darasa la sita humbeba mdogo wake mgongoni, hupika uji wake, na huhadithia nyumbani aliyoyasikia kwa mwalimu. Kwa hiyo yampasa mwalimu ayatenge mambo mawili, na kila moja alipe neno lake. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2001, limeshauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya kwanza. Kisha aanze kupewa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka afikie miaka miwili au zaidi. Tendo la miezi sita tuliite kumwanzishia chakula. Tendo la mwisho, la miaka miwili au zaidi, ndilo tuliite kumlikiza. Mkazo huu si mgeni kwetu: watoto wa madrasa huenda wameshasikia kwamba Kurani, katika Sura ya Pili, inataja miaka miwili kamili kwa atakaye kukamilisha kunyonyesha, na watoto wasomao Biblia wanajua kwamba Ibrahimu alifanya karamu siku Isaka alipoachishwa kunyonya.

Watu wa lishe nao walikwisha kuuona mtego huu wa maneno. Zamani vyakula vya mtoto wa umri huo viliitwa "vyakula vya kulikiza", na jina hilo bado husikika. Ubaya wake ni kwamba humfanya mama adhani kuwa chakula kimekuja kuchukua nafasi ya ziwa. Siku hizi husemwa "vyakula vya nyongeza", na sisi tunaona kwamba badiliko hilo ni la haki, kwa sababu kinachoongezwa hakiondoi kilichokuwapo. Mwalimu alitumie jina jipya, lakini alieleze na la zamani, maana bibi nyumbani analijua lile la zamani.

Hapa mwalimu asipite haraka habari ya uji. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi hulijaza kwa maji, mtoto akaonekana ameshiba hali amekula kidogo sana. Uji mzito una nguvu zaidi lakini humshinda kumeza. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini Tanzania walihimiza matumizi ya kimea, yaani unga wa mtama au ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Kijiko kidogo cha kimea kikitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi, uji hulainika bila kuongezewa maji, kwa kuwa kimea huuvunjavunja wanga. Jaribio hili laweza kufanywa darasani kwa vikombe viwili na vijiko viwili, na watoto hulikumbuka kuliko maelezo ya ubaoni. Tena waambiwe idadi ya milo: mtoto wa miezi sita hadi minane hupewa milo miwili au mitatu kwa siku, na baada ya hapo mitatu au minne, mbali na kunyonya.

Mtoto aliyekatizwa ghafula, akapewa uji mtupu wa muhogo au mahindi, huweza kupata unyafuzi. Jina la ugonjwa huo katika vitabu vya utabibu vya dunia, kwashiorkor, lilichukuliwa kutoka katika lugha ya Kiga ya Ghana na daktari Cicely Williams, aliyeuandika katika miaka ya 1933 na 1935. Kwa Waga ni ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba sababu yake ni ukosefu wa protini peke yake. Siku hizi inafahamika kwamba sababu ni zaidi ya hiyo moja. Lakini wale akina mama wa Ghana waliona sawasawa wakati gani katika maisha ya mtoto hatari huingia, nao waliuweka wakati huo katika neno.

Mfano wa zizini

Kwa watoto wa wafugaji, njia fupi ya kueleza jambo hili hupita zizini. Ndama mchanga hawezi kuishi kwa majani. Lile tumbo kubwa la kuchachulia majani bado halijakua, na maziwa huenda moja kwa moja katika tumbo la nne. Akionjeshwa majani laini na pumba kidogo kidogo, tumbo kubwa hukua kwa kazi hiyo hiyo. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa humwachisha ndama akiwa na miezi mitatu hivi, akikwisha kuona kwamba anakula vya kutosha. Humtazama ndama, hatazami kalenda tu. Watoto waulizwe: kwa nini mfugaji hamwachishi siku ile ile anapomwonjesha majani kwa mara ya kwanza? Jibu watalitoa wenyewe, nalo ndilo jibu la mtoto wa binadamu.

Katika sehemu nyingi ziko pia njia za ukali: chuchu hupakwa shubiri au pilipili, au mtoto hupelekwa kwa bibi yake akae huko mpaka asahau. Haifai mwalimu kuwacheka wazee kwa ajili ya hayo. Aulize tu mtoto alikuwa na umri gani, na alikuwa anakula nini wakati huo. Maswali hayo mawili yanatosha.

Neno moja la kushughulikiwa kwa uangalifu

Mwalimu akifundisha likiza, haitapita muda mrefu kabla ya mtoto mmoja kutaja kitenzi bemenda. Kumbemenda mtoto ni kumdhoofisha kabla hajalikizwa, kwa sababu, kama inavyoaminika, wazazi wamevunja mwiko, au mama ameshika mimba nyingine. Mtoto akikonda, watu husema "amebemendwa", na kwa neno hilo moja mama amekwisha kuhukumiwa. Matokeo ni kwamba mama huona haya kumpeleka mtoto kliniki, akamficha ndani siku zile ambazo angeweza kuponywa.

Neno hili ni la Kiswahili, limo katika kamusi, na hatuwezi kulifuta kwa kulikataza. Mwalimu alipokee, alieleze kuwa ni jina la imani, kisha aseme wazi kwamba maziwa ya mama mjamzito si sumu, ingawa huweza kupungua, na kwamba mtoto aliyekonda apelekwe kwa mganga wa zahanati, wasianze kwanza kumtafuta wa kulaumiwa. Asiulize kamwe ni nani darasani aliyebemendwa au ambaye mdogo wake amebemendwa. Swali kama hilo laweza kuvunja urafiki wa nyumba mbili jirani.

Mpango wa kipindi

Kwa darasa la tano au la sita twapendekeza vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, mwalimu aandike neno likizo ubaoni, awaulize watoto maana yake, kisha aandike chini yake "Mama amemlikiza mtoto" bila kueleza. Awaache wabishane. Katika ubishi huo watakaribia wenyewe wazo la kufunguliwa. Baadaye alete achisha, na mazoezi ya kiambishi cha mtendwa. Awatume nyumbani wakaulize kitenzi hiki husemwaje katika lugha ya mama. Wenye asili ya Rwanda na Burundi watarudi na gucutsa, na wengine watarudi na maneno mengine. Watoto waseme pia kama katika lugha hiyo neno hilo lina maana ya kukata, kuondoa au kuruhusu. Yafaa mwalimu mwenyewe aandike majibu hayo katika daftari lake, kwani hakuna kitabu cha kiada kitakachompa.

Kipindi cha pili kiwe cha sayansi, chenye jaribio la kimea na chati ya umri: mstari mrefu kutoka siku ya kuzaliwa hadi miaka miwili na nusu, wenye alama mbili tu, ya kwanza "kumwanzishia chakula", ya pili "kumlikiza". Nafasi iliyo kati ya alama hizo ipakwe rangi mbili kwa pamoja, moja ya ziwa na nyingine ya bakuli.

Katika kusahihisha, tusimnyime alama mtoto aandikaye achisha kunyonya mahali tulipotarajia likiza. Yote mawili ni Kiswahili sanifu. Lakini aandikaye "mtoto alikizwe akiwa na miezi sita" arudishiwe daftari, hata kama sarufi yake haina dosari, na aulizwe kwa upole alikuwa anamaanisha alama ipi kati ya zile mbili za kwenye chati.